Yungiyungi la Mama, Rumonge

Mama yangu, shikamoo kutoka Rumonge, pwani uliyoiacha ulipoolewa Ujiji. Ua lililo upande wa pili wa kadi hii ndilo yungiyungi ulilonisimulia tangu utotoni, na nimelipiga picha mimi mwenyewe!

Vioo vyangu vya kunasia picha vilivunjika njiani, kikabaki kimoja tu, cha picha moja. Nikapiga magoti majini karibu na ua, nikitaka nyuma yake lionekane ziwa tupu. Kumbe wavuvi wamesikia kuna picha! Wakajipanga nyuma ya ua, wao na mitumbwi yao. Nikawasihi wasogee, wakanuna.

“Umetoka Ujiji kupiga picha majani, na sisi tuko hapa?”

Ndipo Bi Kanyange, shoga yako wa kuchota naye maji, akawafokea: “Mutoke! Ile ua iko ya mama yake, munaiziba!”

Wakacheka, wakasukuma mitumbwi kando. Upepo ukatulia. Nikafungua jicho la kamera lote, nikashika pumzi, nikapiga.

Nilikisafisha kioo ili picha itokee, nyumbani kwa Bi Kanyange, chumbani tulimoziba mwanga kwa mablanketi. Ua likajitokeza wazi, kila jani lake, na milima ya ng'ambo imeyeyuka nyuma yake laini kama maziwa. Bi Kanyange alipiga vigelegele hadi majirani wakauliza nani amejifungua!

Kula vizuri, Mama, na uniombee. Bi Kanyange anakupa amahoro, salamu ya amani ya kwenu, anasema uje uyaone mayungiyungi yenyewe, bado yanachanua palepale.

Mwanao,
Salumu