Picha ya Mama na Joho Jekundu

Sevlievo, 20 Novemba 2018

Kwako Rumyana,

Salamu. Natumaini wewe na mumeo ni wazima huko Valencia. Mimi mwili ni mzima, roho imechafuka, na aliyeichafua ni wewe.

Juzi nilitoka kanisani kwenye arobaini ya mama, sinia la ngano ya kuchemsha mkononi, nikamkuta mama amebandikwa kwenye mlango wake mwenyewe akiwa amevaa joho jekundu na kukumbatia ndoo ya bisi. Nikadhani ni uhuni wa vijana. Nikasogea, nikasoma jina lake, miaka yake, na chini kabisa jina lako. Kumbe ulimpigia simu Kuzman mchapaji, ukamwagiza karatasi thelathini za msiba zenye picha hiyo bila kunishirikisha mimi mkubwa wako. Na Kuzman, kwa kuwa hana akili, akazibandika mji mzima: nguzo za sokoni, kituo cha basi, hadi mlango wa nyumba ya usomaji, ukumbi wetu wa utamaduni, ambapo nimeongoza kikundi cha maigizo kwa miaka ishirini na miwili. Watu walikuwa wanasoma huku wanatabasamu. Karatasi ya arobaini mtu huisoma akavua kofia, Rumyana. Hachekelei.

Nimezing'oa zote. Nimebandika zangu, zenye ile picha ya pasipoti. Kampuni inayouza hayo majoho na filamu zake ina pesa za kuinunua Sevlievo nzima na kurudishiwa chenji, halafu wewe unaipa na sura ya mama iitangazie bure. Sinema yetu hapa ilifungwa kwa sababu ya watu kama hao. Wanasesere wa maigizo yangu wanaliwa na nondo kwa sababu ya watu kama hao.

Simu zako sitapokea. Ukiwa na neno, andika, umpe dereva wa basi la Hispania.

Dada yako,
Tsvetana


Valencia, 2 Desemba 2018

Dada Tsvetana,

Shikamoo, maana adabu bado ninayo. Sisi wazima, Felipe anakusalimu ingawa sijamsomea ulichoandika.

Umeng'oa karatasi za marehemu. Hata walevi wa kituo cha basi wanajua kwamba karatasi ya marehemu haiguswi, inaachwa mvua iichakaze yenyewe. Watu huwachukia maadui zao maisha mazima na bado karatasi zao hawazigusi. Wewe umeng'oa za mama yako, mchana kweupe, mbele ya watu.

Sasa nikuambie picha ilivyopatikana. Alipokuja kwangu mwaka juzi, kila Jumapili tulikwenda sinema, yeye ndiye aliyechagua, na kila mara alichagua hao hao mashujaa wa filamu wanaoruka angani. Siku hiyo dukani mle ukumbini aliomba kulijaribu lile joho. Nikampiga picha. Akaitazama kwenye simu, akasema, "Hii ndiyo ya karatasi yangu, Rumyana. Zile nyingine zote nimekaa kama nasubiri majibu ya daktari." Nikadhani anatania. Akalirudia neno hilo uwanja wa ndege, akanishika mkono, safari hii hatanii.

Kampuni ni kubwa, nakubali. Mimi siitetei, ina mawakili wake. Lakini mama alisugua sakafu za kiwanda cha ngozi miaka thelathini na mmoja, na kiwanda nacho kilikuwa kikubwa, sikukusikia ukimwambia aache. Ilipofika zamu yake ya kukaa na kufurahi ndipo ukakumbuka siasa.

Miezi sita ikifika Aprili, zamu ya karatasi mpya, picha hiyo itabandikwa.

Mdogo wako,
Rumyana


Sevlievo, 19 Desemba 2018

Rumyana,

Nimepata barua yako. Afya nzuri, theluji ipo, kuni zipo.

Hayo maneno umeyatunga. Mama hakupenda upuuzi huo. Alikuwa mgeni wako, angekukatalia vipi? Mimi nilikuwa nyumbani kwake kila Jumatano na kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja, wakati wewe ulikuwa unakunja mashuka ya hoteli na kututumia picha za bahari. Hata siku moja sikumkuta anatazama mtu anayeruka. Nilimkuta na sindano zake za kufuma, redio inaimba nyimbo za kwetu. Hiyo ni kazi yangu. Mama nilimlea mimi, nikamfundisha kitu gani ni sanaa na kitu gani ni peremende za kuwapumbaza watu wazima.

Kuzman nimeshazungumza naye. Hatachapa karatasi yoyote ya mama bila sahihi yangu.

Tsvetana


Valencia, 11 Januari 2019

Dada,

Heri ya mwaka mpya, kama unapokea heri kutoka kwa mtu aliyepumbazwa.

"Mama nilimlea mimi." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, kila mara nasikia aibu kwa niaba yako. Mwanamke wa miaka sabini na minne, amezaa wawili, amemzika mume, na wewe unamlea.

Unasema hukumkuta hata siku moja. Nenda kwa shangazi Ginka, rafiki wa mama, ngazi ya pili, mlango wa kushoto. Muulize kwa nini hukumkuta. Nina hakika hutakwenda, kwa sababu unajua kuhutubia tu.

Rumyana


Valencia, 14 Aprili 2019

Miezi sita imepita. Binti ya Ginka ananiambia mlango wa mama ni mtupu, nguzo tupu, hata ile picha ya pasipoti hukuiweka. Umeamua kumfuta kabisa ili nisishinde.

Usiniandikie tena.


Sevlievo, 22 Septemba 2019

Rumyana,

Ulinikataza kuandika na miezi mitano nimetii. Natumaini u mzima. Mimi naumwa goti.

Aprili sikubandika kwa sababu nilikuwa nimekwenda kwa Ginka. Nilikwenda kukuumbua. Nilitaka nirudi na ushahidi kwamba umedanganya.

Alinikaribisha, akaniwekea kahawa na jamu ya plamu. Nilipouliza akasema kila Jumatano na kila Jumamosi kuanzia saa nane, vipindi vyao vilipokuwa hewani, walikuwa wanne kwa mama: yeye, Bonka, mjane wa Tihomir na mama mwenyewe. Wanatazama hao wanaoruka, vipindi vyote, wanalia, wanagombana nani kafa kweli na nani atarudi. Mmoja anakaa dirishani kwa zamu. Nikionekana kwenye kona ya duka la mikate, anasema, "Mwalimu huyo," maana ndivyo wanavyoniita. Runinga inazimwa, redio inawashwa, mama anaokota sindano, wenzake wanatoka kwa mlango wa uani. Wanawake wa miaka sabini, Rumyana, na viatu mkononi.

Nikamwambia Ginka huo ulikuwa mchezo wao, walikuwa wanajifurahisha. Akasema, "Alikuwa anakuogopa, mwanangu. Sisi sote tulikuogopa, lakini sisi ulikuwa hututembelei."

Nilitoka bila kuaga. Nyumbani nikakumbuka siku moja ya kiangazi nilipofika mapema, runinga ilikuwa bado inawaka. Mama alisimama mbele yake, akaifunika kwa mgongo, akasema, "Ni tangazo tu, Tsvetana, sasa hivi litaisha." Nikamhubiria nusu saa. Alinikatia pai, akaitikia kila neno, akaniomba radhi. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikaona nimefanya jambo la maana.

Usidhani nimebadilika. Juma lililopita nilikwenda kwa Ginka, wakaniwekea filamu moja nitazame. Nililala katikati. Peremende ni peremende, na hiyo kampuni nitaichukia hadi nife. Wewe pia bado nina hasira nawe, maana ulijua, na miaka yote hukuniambia usoni. Ukija kwenye kumbukumbu ya mwaka, utalala kwa Ginka.

Karatasi nimeshampa Kuzman. Picha ni ile. Aliuliza mara mbili kama nina hakika na maneno, nikamwambia achape thelathini, na ya kwanza ninaibandika mwenyewe kwenye mlango wa nyumba ya usomaji. Inasema hivi:

MWAKA MMOJA
bila mama yetu
NEDYALKA STAMENOVA
Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja. Alipenda filamu za watu wanaoruka. Alizitazama kwa kujificha, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ya binti yake mkubwa.
Tsvetana