Chupa za Matanga, Wageni wa Mahari

Mama Jedidah, nakuomba unisaidie maana nimechoka na sina wa kumwambia. Mimi ni mke wa kwanza hapa Rusinga, na wiki jana wageni walitoka Migori kuleta mahari ya binti yangu Valary, na kwa vile siku hizi mgeni wa maana ukimpa maji ya mtungi anaona umemdharau, nilichukua chupa nilizookota kwenye matanga ya jirani, nikazisuuza, nikazijaza maji ya tangi yanayovutwa kutoka ziwani, nikakaza vifuniko na kuzipanga chini ya kitanda wiki mbili, nikijua yakishafungwa ni maji ya chupa kama mengine, na yalikuwa meupe, hayana harufu. Kesho yake wageni sita wakaanza kuhara na kutapika, na Nyatichi, shangazi wa mchumba wa Valary, amelazwa huko Migori mpaka leo. Wanasema ni samaki, na samaki walipikwa na mke mwenzangu Phanice, ambaye watu walishaanza kumsema zamani, sasa ukoo mzima unamwita mwenye sumu, sokoni hawanunui tena kwake, na mume wetu amemwambia arudi kwao Lambwe Jumapili. Mimi nikanyamaza. Nilitaka sana iwe ni samaki, ingawa waliokunywa soda walikula samaki hao hao na wako sawa, basi nikafungua chupa moja kati ya zilizobaki nikanywa, nikahara siku mbili hadi nikashindwa kuinua kichwa, na ni Phanice aliyeniletea uji akisema, "Nyieka, mke mwenzangu, kunywa kidogo, umeisha," nami nikaunywa. Nikisema ukweli ndoa ya Valary itavunjika. Nifanye nini?

Truphena, Rusinga

Truphena, pole kwa tumbo. Kwa hayo mengine, pole yako bado sijakupa.

Nimechoka kuandikiwa kwamba kifuniko kinaua vijidudu. Kifuniko hakiui kitu, mama. Vijidudu vya kuharisha vinaweza kukaa ndani ya chupa wiki, hata miezi, na maji yakabaki yanang'aa. Tena chupa za matanga zimepita midomoni mwa watu usiowajua, nawe ukazisuuza tu.

Leo, si Jumapili, mpigie simu baba wa kijana. Mwambie maji yalitoka wapi, ili daktari wa Nyatichi ajue anatafuta nini. Usingoje mumeo akuruhusu. Chupa moja mpelekee afisa wa afya aipime, na hizo nyingine uzitoboe, maana ukizitupa nzima kuna mwenzako atazijaza. Kuanzia sasa chemsha maji, yaweke kwenye chombo safi kinachofunikwa, mgeni anywe kwa glasi. Atakayenuna kwa sababu ya glasi hakuja kwa ajili ya Valary.

Ndoa ikivunjika kwa ukweli itauma, sikudanganyi. Lakini ikisimama kwa sababu mama mwingine alifukuzwa, Valary atajua siku moja, na hapo ndipo utampoteza.

Ukishakata simu, mwite mumeo na wazee wa ukoo, Phanice akiwa ameketi papo hapo. Uliposhindwa hata kuinua kichwa alikuletea uji, ukaunywa bila kuuliza umepikwa na nani. Ulijua mikono yake haina sumu. Waambie hivyo hivyo.