Upande wa Kushoto Umekufa

Nyumbani,
Chumba cha mbele, penye cherehani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chogo,

Hujambo, baba? Wifi yangu naye hajambo? Na wale wanangu wawili, wameshaizoea baridi ya huko au bado wanalala na soksi? Sisi huku tu wazima wa kutembea. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto husikii tena likitajwa. Shemeji yako yupo, amenenepa, anadai ni mashati yanayosinyaa. Binti yangu amepanda darasa na sasa anatusahihisha wote namna tunavyoongea, hata bibi yake hasalimiki.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza, tena kwa kununa kidogo, hedifoni ulizonitumia zimekufaje upesi namna ile, wakati muuzaji alikuapia kwamba zitadumu miaka. Ukauliza nafanya nazo nini, nafungia mbuzi? Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Nitakujibu, ila nivumilie. Jibu lenyewe ni refu na limenitoa jasho.

Kazi yangu unaijua: idara ya maji, kitengo cha malalamiko. Tunakaa kwa safu, kila mtu na kimeza chake, katikati yetu vikuta vya kitambaa vilivyochafuka kwa wino wa kalamu. Kutwa nzima tuna sauti za watu masikioni. Huyu bomba limekauka, yule ameletewa bili ya jirani, mwingine hana shida yoyote, anataka tu mtu wa kumgombeza. Hedifoni za ofisi ziliisha zamani, kwa hiyo kila mmoja anakuja na zake.

Nazo zinakufa, mdogo wangu, usione ajabu. Zangu za kwanza nilizikalia. Za pili shemeji yako alizifua ndani ya mfuko wa sketi, tena akazianika na vibanio kabisa. Nyingine nilikuwa nazizungushia kwenye simu kila nikitoka kazini, nazikaza vizuri, najiona mtu nadhifu, kumbe nazinyonga. Waya ukakatikia pale shingoni, karibu na pini ya kuchomeka. Ukiukunja hivi inasikika, ukiuachia kimya. Nilifanya kazi siku nzima nimeushikilia kwa kidole gumba kama anayebana kidonda.

Kwa hiyo zako ziliponyamaza upande wa kushoto sikushtuka. Nilisema, yale yale. Nikakuandikia kwamba zimekufa, nikazitia mfukoni kumpelekea fundi simu wa kwenye kona, yule tunayemwita Lenzi kwa sababu ya kile kioo anachokibana jichoni.

Lenzi ana maneno mengi. Kabla hajazigusa alishanisomea darasa.

“Mama, hivi vitu haviishi kwa uzee. Watu wanavua kwa kuvuta waya, wanalala navyo, jasho linaingia, nta ya sikio inaziba huu wavu hapa. Ndani mle waya ni mwembamba kama unywele. Ukivitunza, mwaka unapita na zaidi. Usipovitunza, tunaonana mimi na wewe kila mara, nami silalamiki.”

Akasafisha wavu kwa kijiti, akachomeka kwenye simu yake, akavaa. Akatikisa kichwa kufuata wimbo. Akazigeuza, ya kushoto akaitia kulia, akatikisa tena.

“Mbona zote zinaimba?” akasema. “Hizi nzima.”

“Labda umezigusa zikapona,” nikamwambia.

“Sijagusa kitu.”

Nilizichukua nikaondoka. Moyoni nikasema huyu leo hana hamu ya kazi. Ila njiani nilizivaa, na upande wa kushoto ulikuwa kama mtu anayeongea akiwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Nikazivua nikazitia mfukoni. Sikutaka kujua zaidi. Hapo, Chogo, ndipo hofu ilipoingia, na mimi nilijifanya sijaiona ikipita.

Kazini niliazima za jirani yangu wa meza. Nazo kushoto hafifu. Nikalaumu mashine ya simu. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikawa nageuza shingo kuukaribia upande unaosikia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku ile alipopiga mshonaji mmoja wa nguo.

Alikuwa anapiga kelele. Bomba kubwa limepasuka mbele ya nyumba yake, maji yanachimba chini ya ukuta, na chumba cha ukuta ule ndimo alimolala baba mkwe wake, mzee asiyeweza kusimama. Nikamwuliza namba ya nyumba. Akaitaja. Nikairudia, themanini na sita, akajibu ndiyo, ndiyo, fanyeni haraka. Aliyepagawa husema ndiyo kwa lolote. Nikawatuma mafundi nyumba ya themanini na sita.

Kitambo si kirefu dereva wao akapiga. “Dada, huku kukavu. Hakuna hata tone. Mwenye nyumba anatushangaa.”

Nilimpigia yule mshonaji, simu inaita tu. Nikapiga tena. Alipokuja kupokea, nyuma yake nikasikia watu wakipiga mayowe. Ukuta ulikuwa umekwenda chini.

Mzee hakuumia. Majirani walimtoa na godoro lake, wanne wakishika pembe, na ukuta ukaanguka wakiwa bado wanahangaika mlangoni. Nimejisemea mara nyingi kwamba hakuumia. Bado usingizi unakatika namwona chini ya yale matofali, ingawa sura yake siijui.

Msimamizi wetu, tunamwita Bi Kengele kwa ajili ya sauti yake, aliniita ofisini mwake. Simu zetu zote hurekodiwa. Akaifungulia ile simu kwenye spika ya meza, na mshonaji akasema wazi kabisa, “Thelathini na sita.” Kisha ikaja sauti yangu, tulivu, ya mtu anayejua kazi yake: “Themanini na sita, ndiyo?”

“Umesikia?” akauliza Bi Kengele.

Nilimwomba aniruhusu nichomeke hedifoni zako, zilizokuwa bado mfukoni, kwenye mashine yake. Nikavaa ya kushoto peke yake. Mwanamke alisema kitu kilichoanza kwa pumzi na kuishia na “-ini na sita.” Nikahamishia sikio la kulia ile ile niliyoitoa kushoto, ambayo mimi nilikwisha kuizika. Thelathini. Kila herufi imesimama mahali pake. Nikairudisha kushoto, ukungu. Kulia, thelathini.

Hedifoni zako ni nzima, mdogo wangu. Hazijawahi kuharibika hata siku moja.

Bi Kengele alikuwa amejiandaa kunifokea. Aliniangalia nikizihamisha vile, huku na huku, akainuka akafunga mlango. Akasema polepole, “Nenda kamwone daktari. Leo hii.” Na mimi nilikuwa nimeelekeza kwake upande mbaya, akalazimika kurudia.

Kutoka pale ofisini mpaka kituoni nilitembea nimeshika ukuta. Vitu vyote vilikuwa vinanitokea kushoto bila kupiga hodi. Pikipiki ilinipita karibu kiasi cha kunivuta mtandio, nami sikuisikia mpaka iko mbele yangu. Nilijiuliza ni mangapi yamenipita hivyo, na tangu lini. Nilipofika nyumbani shemeji yako akasema, “Mimi nilidhani umeanza kunidharau. Nakuita, hunitazami.” Tulikaa kitandani, akahamia upande wangu wa kulia, nikalia.

Daktari wa masikio ni mama mmoja mpole, ana kibanda chenye kuta nene kama godoro. Anakufungia humo, anakupa kitufe, ukisikia mlio ubonyeze. Chogo, hakuna mahali nimewahi kuogopa kama mle ndani. Unasikia moyo wako. Unasikia mate ukiyameza. Halafu kimya, na katika kile kimya unajua kwamba labda mlio umeshapita na wewe umekaa tu na kitufe chako kama mjinga. Nilibonyeza mara nyingine bila kusikia kitu, kwa kubahatisha. Alijua. Alifungua mlango akasema, “Usinidanganye, mama. Mimi si mtihani.”

Mshipa wa sikio la kushoto umechoka na haurudi. Sauti kubwa masikioni kwa miaka mingi imechangia, lakini akasema si hiyo peke yake. La kulia limeanza, kidogo tu. Nitapewa kifaa cha kuvaa. Nikamwuliza hilo la kulia lina muda gani. Akasema hawezi kuniahidi, huenda likakaa hivyo hivyo mpaka uzeeni, huenda likateremka. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine kwetu mwenye tatizo hili.

Nikasema hakuna. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipomkumbuka Baba.

Wewe unamkumbuka? Wenzake wakicheka kwenye harusi, yeye alikuwa anacheka mwisho, baada ya kuwaangalia usoni. Akawa anakaa pembeni. Mwishowe akaacha kwenda. Watu wakasema ana maringo, na sisi watoto wake tukaamini kwamba hapendi watu. Nilirudi nikakaa kwenye kile kiti cha daktari nikamweleza, naye akawa anaandika bila kuinua kichwa.

Kazi sijafukuzwa. Bi Kengele amenihamishia kwa wanaojibu malalamiko yanayokuja kwa maandishi. Ni chumba kimya, hakuna anayevaa kitu masikioni. Nashukuru. Lakini kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani nasugua vidole karibu na sikio la kulia, na mpaka nisikie ule mchakacho ndipo naweka miguu chini. Ipo siku moja pikipiki ilipita nje nikiwa nasugua, nikakosa kuusikia, na shemeji yako akanikuta bado nimekaa nasugua.

Sasa nikuambie kinachonitia hofu kuliko haya yote.

Mwezi uliopita nilikupigia nikakuambia Mama anaumwa kifua. Ukanijibu, “Vizuri sana, mpe hongera.” Tulicheka hapa nyumbani, tukasema mtandao. Wifi yangu alipochukua simu, nilisikia kila neno lake, na yeye langu. Alikuwa kwenye simu hiyo hiyo, Chogo, amesimama hapo hapo ulipokuwa umesimama wewe.

Muombe asimame nyuma yako na akuite kwa sauti ya kawaida. Asikuguse. Kisha muulize ameita mara ngapi. Na ukishamuuliza, usikae ukaanza kutafuta simu ya kulaumu kama nilivyofanya mimi. Nenda kwa daktari, ingia kwenye kibanda, na usibonyeze kwa kubahatisha.

Msalimie wifi yangu sana, mwambie nimempa kazi. Wabusu wanangu. Mama anakusalimu, na anauliza sufuria lake ulilochukua. Shemeji yako na mjukuu wa Mama, yule mwalimu wetu wa lugha, wanakusalimu pia. Kaka wa jirani, rafiki yako wa mpira, ameoa.

Mungu akulinde unapovuka barabara na unapolala, na akuachie kila ulichozaliwa nacho. Usinipigie simu kunijibu. Niandikie, uniambie umekwenda.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nikikubeba mgongoni,

Dada Mkubwa