Nililinda Roma, Nyani Wakamaliza Mahindi ya Mama Mkwe

Jumamosi usiku, Karatu. Baridi, na ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Mimi naomba usiondoke hata kesho, maana ukiondoka watu wataniona.

Mnaonisoma humu mtandaoni, ambamo majirani zangu hawafiki, mmezoea niandike habari za mchezo wangu wa kompyuta, ule wa vita vya kale, na jinsi ya kuliokoa jeshi la Roma lililokwisha chakaa. Leo sina mbinu ya kumfundisha mtu. Nina aibu tu.

Mama mkwe wangu ni mjane. Ana shamba la mahindi na maharage kule juu, linapopakana na msitu wa Ngorongoro, na ndilo chakula chake cha mwaka mzima. Mahindi sasa yamefikia ya kuchoma, na nyani wanalijua hilo kuliko bwana shamba. Lazima mtu ashinde pale, na afadhali asiwe mwanamke. Nyani wetu hawaogopi wanawake. Wakiona kitenge wanaendelea kula.

Jana alipata taarifa ya msiba kijiji cha Kansay. Akaniomba nimshindie shambani leo mpaka atakaporudi. Aliniomba kwa ile heshima ya mkwe na mkwe, macho pembeni. Mimi ni mtu wa Machame, fundi simu tu hapa mjini, na tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniomba kitu. Nikamwambia, mama, nenda kwa amani.

Nikaenda na kompyuta.

Nijitetee kidogo: asubuhi nililinda vizuri. Nilizunguka, nikapiga debe, nikapayuka. Dume moja kubwa likatokea ukingoni, likakaa linaniangalia. Nikalirushia jiwe, likaondoka taratibu, wala halina haraka. Nikaona basi, yamekwisha. Nikaingia kibandani, nikavaa hedifoni, nikafungua mchezo.

Aisee, vita vilikuwa vitamu! Hazina tupu, askari wachache, na hao wachache wamekata tamaa. Jeshi la namna hiyo hulipeleki uwandani. Unalipandisha kilimani, wenye mikuki unawapanga mbele safu moja nene, wapanda farasi unawaficha nyuma ya miti. Halafu unangoja. Adui akipigwa kidogo akajifanya anakimbia, usimfukuze! Anataka utoke ili wenzake wakuingilie ubavuni. Hilo nimeliandika humu mpaka mnanicheka. Leo nililitii neno kwa neno, nikashinda.

Nikavua hedifoni, nikageuka. Upande wote wa chini wa shamba ulikuwa umelala. Mabua yamevunjwa, mahindi yametupwa kila mahali, mengine yameumwa mara moja tu yakaachwa. Hata maharage yameng'olewa. Yesu wangu! Lile dume lilikuwa mpelelezi, na mimi kamanda nilikuwa ng'ambo ya bahari nalinda mipaka ya watu waliokwisha kufa zamani.

Haukupita muda mama akatokea, khanga ya msibani bado kiunoni. Hapo nikafanya kosa baya kuliko la kwanza.

Nilimdanganya.

Na kwa kuwa sikuwa na uongo mwingine karibu, nilimsimulia vita vile vile vya Roma, maadui nikawageuza nyani. Kwamba walikuwa jeshi zima. Kwamba nilisimama mwinukoni. Kwamba walijifanya wanakimbia, nikawafuata, kumbe wenzao wanaingia ubavuni. Nilionyesha hadi kwa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole na kazi, baba."

Jioni majirani wote walikuwa wameshaambiwa. Baba Emanueli wa shamba la pili aliniita shujaa, akasema nyani wa mwaka huu hawana dini. Nikaitikia. Niliitikia, jamani!

Nilishindwa kukaa nalo. Nikamweleza mke wangu, Paskalina, alipokuwa anachambua mboga. Nilitegemea anifokee, hakufoka. "Mama anajua," akasema. "Alikukuta umenyanyua mikono juu unashangilia, mahindi yameshalala. Akarudi mpaka barabarani, akangoja kidogo, ndipo akaja upya. Amenikataza nisikuambie. Anasema ukijua, hutaweza tena kuingia kwake."



Kumbe ile habari ya ushujaa aliipeleka kwa majirani akijua ni uongo mtupu. Amepoteza chakula chake, halafu akatumia mdomo wake kunisitiri mimi niliyekipoteza. Mimi nilidhani nimemlaghai mama wa watu. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba nimeponea chupuchupu.

Nimefikiria kwenda kuungama, lakini hata hilo lina mtego. Nikisema mbele za watu, nitakuwa nimemfanya na yeye mwongo kwa majirani zake. Nikinyamaza, nitakuwa nakula heshima isiyo yangu kila Baba Emanueli anaponisalimia.

Na Paskalina alikuwa na neno moja zaidi. Mama anaomba niende tena Jumatatu kulinda kilichobaki. Hakumtaka Baba Emanueli, wala kibarua. Ananitaka mimi.

Nitakwenda mikono mitupu, bila kompyuta, na nitamwambia ukweli tukiwa wawili tu, kabla sijaokota jiwe la kwanza. Akinifukuza, ni haki yake. Asiponifukuza, uso huu nitauweka wapi?