Mgomba Uliozikwa

Kasese, 4 Machi 2025

Bibi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi mzima, na Shangazi Ronah anakusalimu.

Nimemaliza kupiga chapa sura tatu za hadithi yako alizoleta Badiru kwenye teksi yake. Bosi wangu Robinah alizisoma akiwa nyuma ya bega langu, akasema, "Nani huyu? Mwambie aharakishe, nataka kujua kama watabusiana." Masikio yaliniwaka moto. Unanijua, tangu nimalize shule hata kumwambia mteja "karibu" ni kazi.

Lakini nakuuliza kwa moyo, Bibi. Una miaka sitini na nane, na hukuwahi kuandika kitu ila majina ya wanakwaya. Umeanzaje kuandika mapenzi sasa? Mimi pia natamani kuandika, ila nikikaa hakuna kinachokuja. Nifundishe.

Mjukuu wako,
Immy

Bwera, 12 Machi

Immy mutoto wangu,

Milele na amina. Mguu umepona, sijui kwa dawa gani. Msalimu Ronah, mwambie apunguze kufoka.

Unajua Babu yako Mbusa alipeleka chumvi ya Katwe kule Beni wakati wa vita, hakurudi. Baadaye wadogo zake walizika mgomba badala ya mwili, kule chini ya shamba, ili yeye alale na mimi niache kungoja. Mgomba wa kuzikwa hukatwa mzizi wote. Lakini mvua ilikuwa inakuja na hao wadogo zake walitaka kurudi kwao Munkunyu. Naona walisahau, maana Januari hii, baada ya miaka yote hiyo, kaburi limechipua.

Ninakaa pale mchana, jua likiwa utosini na watu wote beko sokoni. Kwanza majani yanatikisika bila upepo. Kisha maneno yanakuja, naandika. Si maisha yetu. Sisi tuligombana sana juu ya mbuzi. Ni yale ambayo tungefanya. Ndiyo maana ni matamu.

Kuandika ni kungoja, mutoto. Kwa kungoja, mimi nimesoma mpaka chuo kikuu.

Bibi yako,
Kahambu

Kasese, 2 Aprili

Bibi mpendwa,

Natumaini mguu bado ni mzima. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una hofu.

Katika sura ya saba, Tsongo, yule mpenzi wa hadithi yako, anamsimulia Tabisa wake habari za msichana anayepiga chapa akiinamisha kichwa, mwenye alama ya pasi mkono wa kushoto. Mimi niliungua na pasi Jumapili. Sijamwambia mtu, hata Shangazi. Navaa mikono mirefu. Badiru anasema sura hiyo ulimkabidhi Ijumaa, kabla sijaungua.

Na katika sura ya nane Tsongo anamwomba Tabisa waende wote chini ya shamba. "Si mbali," anamwambia. Tsongo ni Babu, sivyo? Na Tabisa ni wewe.

Shangazi anasema mgomba ung'olewe. Mimi nakuomba jambo moja tu: usiandike sura ya mwisho. Ukiandika kwamba anakwenda, nitakupoteza.

Mjukuu wako,
Immy

Bwera, 9 Aprili

Immy mutoto wangu,

Pole kwa mkono, upake asali. Mimi niko, ila chakula hakipiti.

Sikatai kwenda. Nimechoka kula peke yangu. Lakini sura ya mwisho haiji kwangu. Nimekaa pale siku nyingi, majani yametulia. Jana lilikuja neno moja tu: bibi harusi hatoki mpaka mtu wa kwao amshike mkono amtoe. Wa kwetu Butembo wamekwisha. Mumebaki wewe na Ronah, na Ronah kuandika risiti tu ni vita.

Iandike wewe. Si uliomba kufundishwa? Nitaisoma pale kaburini, kwa sauti.

Bibi yako,
Kahambu

Kasese, 22 Aprili

Bibi mpendwa,

Salamu za Pasaka. Tafadhali kula, hata uji.

Nimeandika. Nilikaa dukani mchana, wateja wameondoka, na kwa mara ya kwanza maneno yalikuja yenyewe. Ila si kama ulivyotaka. Tabisa amesimama mlangoni, Tsongo yuko nje amemnyooshea mkono. Nimeandika hivi:

"Sitoki," Tabisa alisema. "Umekaa nje vya kutosha. Futa udongo miguuni uingie. Ugali wa muhogo uko mezani."

Tsongo akafuta miguu, akaingia.

Imeisha hapo. Sasa huna haja ya kwenda popote, Bibi. Nisamehe, na ubaki.

Mjukuu wako,
Immy

Bwera, 6 Mei

Immy wetu,

Tuko wazima. Niliisoma kwa sauti kama nilivyoahidi. Tunakula vizuri, nanunua unga maradufu. Mgomba umekauka, mwambie Ronah afurahi.

Ila usiniombe sura nyingine. Tangu aingie, hakuna kinachokuja. Anakaa kwenye kiti karibu na mlango, hasemi habari za mapenzi, anauliza kwa nini mboga haina chumvi. Siwezi kumwandika mutu ambaye simngoji tena.

Anakuulizia wewe. Nilimwambia una haya, hutamfungulia. Akasema hahitaji kufunguliwa, ni wewe mwenyewe uliyeandika aingie, na anataka kusikia kinachofuata.

Atapanda teksi ya Badiru siku ya soko, afike mchana, wateja wakiwa wameenda kula. Ukisikia mtu ameketi nyuma yako, usiinue kichwa. Andika tu.

Bibi yako,
Kahambu

na Babu yako