Upara wa Mama

Nsukka, 29 Januari 2006

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Asaba. Mimi mzima, ila vumbi la mwezi huu limenipasua midomo.

Jana ilikuwa siku ya wazazi na Baba hakuja. Hajawahi kukosa. Nilikaa langoni na sare yangu iliyopigwa pasi mpaka wageni wakaisha. Rafiki yangu Amuche akaninunulia akara za moto, zile bagia za kunde, ili kunipoza, na kwenye gazeti lililozifunga nikaona picha yako: kichwa kimenyolewa chote, umevaa nyeusi, umekaa chini. Maneno ya pembeni yalikuwa yamelowa mafuta. Amuche akasema, "Olaedo, mwanamke hanyolewi hivyo akiwa na mume." Nikamwambia anyamaze, mama yangu ni mwigizaji. Lakini akara sikuzimaliza.

Baba yuko wapi?

Binti yako,
Olaedo

Asaba, 6 Februari 2006

Mwanangu,

U hali gani? Midomo ipake mafuta kila asubuhi. Nimecheka mpaka mwongozaji akaniuliza nina nini. Ni filamu! Tena ya kwanza ninayoitayarisha mwenyewe. Miaka kumi na minne nimeigiza watumishi wa ndani, halafu wake wachawi, mpaka wauza nyanya wa Nnewi wakakataa kuniuzia. Sasa naigiza mjane, na hadithi ni yangu. Fundi wa vipodozi alinivalisha upara wa mpira, jua likaukunja kama utando wa uji. Nikamwambia, "Lete wembe."

Baba ni mzima. Duka la vipuri limemshika. Ni mzima kabisa, usihangaike. Fikiria mtihani wako wa Mei. Baba mzima.

Mama yako

Nsukka, 12 Februari 2006

Mama mpendwa,

Shikamoo. Midomo imepona, nashukuru.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeandika mara tatu kwamba Baba ni mzima. Filamu zako nimeziangalia zote, Mama. Ukiigiza mtu anayetaka kudanganya, kwanza humfanya acheke. Barua yako imeanza kwa kicheko. Tena Baba huongeza mstari wake chini ya kila barua yako, na safari hii haupo.

Baba yake Amuche alipofariki, nyumbani walimwambia amesafiri, mpaka alipomaliza mtihani. Alikuwa ameshazikwa wiki sita.

Naomba Baba aniandikie kwa mkono wake yale aliyoninong'oneza langoni siku ya kwanza aliponileta shule. Tunayajua wawili tu.

Binti yako,
Olaedo

Asaba, 25 Februari 2006

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Baba amebanwa kidole na mnyororo wa pikipiki, hawezi kushika kalamu, kwa hiyo naandika mimi. Anasema alikunong'oneza usome kwa bidii na umwogope Mungu. Umeridhika sasa? Anakusalimu sana.

Mama yako

Nsukka, 2 Machi 2006

Mama,

Shikamoo. Nisamehe nisipouliza afya yako.

Baba hakusema hivyo. Alisema, "Wakikuchosha na maharage, jifanye unaumwa tumbo, nitakuja na gari."

Kama amekufa, niambie. Mtihani nitaufanya hivyo hivyo. Kinachonishinda ni kusoma huku nakisia. Nimemwandikia pia baba mkubwa Anayo, kule Nimo.

Olaedo

Asaba, 9 Machi 2006

Olaedo mwanangu,

Leo sina salamu nzuri. Baba yako hajafa. Amehama.

Ilikuwa wiki ile uliporudi shule. Nilifika nyumbani na kichwa hiki, naye alikuwa anakula. Akaweka tonge chini. "Kwa hiyo unanililia nikiwa hai?" Nilidhani anatania. Nikamwambia, "Nywele zitaota, mwenzangu." Akasema, "Na mimi nikishafukiwa, nitaota?" Wazee wa ukoo wakasema mke hajinyoi mumewe akiwa anapumua, ila kama anamtakia kaburi. Yuko kwa Anayo tangu siku hiyo, na hasemi nami.

Sikumwomba ruhusa. Nilijua angekataa, na kamera zilikuwa zinasubiri. Filamu inatoka Pasaka. Nimekuficha aibu yangu, si maiti. Najua hata hili utasema nimeliigiza.

Mama yako

Nsukka, 26 Machi 2006

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unakula? Naomba ule.

Ni kweli, sikukuamini. Mke aliyekimbiwa na mume umemwigiza mara nne, na barua yako ilikuwa nzuri kama zile filamu.

Jana Baba alikuja. Amekonda, na shati halikupigwa pasi. Nilimshika mikono mbele ya watu nikaanza kumkagua vidole. Akasema, "Wewe, unatafuta nini?" Nikasema, "Kilichobanwa na mnyororo." Akashangaa: "Nani kabanwa?" Nikamweleza. Alicheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Mamako hata uongo anauandalia vifaa."

Sikukuombea msamaha. Niliogopa angeondoka mapema. Tulikula wali aliouleta. Alipokuwa anaaga akauliza, huku anaangalia funguo za gari, "Humo kwenye filamu, huyo marehemu. Mamako alimlilia vizuri?"

Nikamwambia sijaiona.

"Alilia kweli, au kwa vitunguu?"

"Sijui, Baba."

"Nitaangalia mwenyewe," akasema. "Anayo ana deki ya video."

Sijui kama atakusamehe. Anaweza kuiangalia akazidi kukasirika. Lakini mtumie kule Nimo, aione kabla ya watu wengine wote. Usitie barua ndani, Mama. Barua zako mimi na yeye hatuziamini. Tuma filamu tu.

Binti yako,
Olaedo