Firigisi ya Mgeni kutoka Kaliua

Jumapili, Isevya.

Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikakatika ghafla wakati wa kuwasha moto, kuni zikiwa zimekwisha kuloa. Hali yangu imekuwa hiyo hiyo siku nzima: moshi mwingi, moto kidogo.

Naandika jioni. Sufuria iko uani, tupu, haijaoshwa. Wageni wameondoka bila kunywa chai.

Nianze mwanzo, ndivyo nilivyozoea kazini. Naandikia gazeti habari za mkoa huu wa Tabora tangu miaka ya kwanza ya uhuru, na wiki iliyopita yote nilikuwa barabara ya Nzega, nikitazama watu wakipakia milango na mabati kwenye malori ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Jana nilirudi na tope hadi magotini, nikamkuta mume wangu amekwisha kupanga mambo. Posa ya binti yetu Zuhura italetwa Jumapili. Muoaji ni Hamisi, karani wa ghala huko Kaliua. Baba Zuhura ameshakubali kwa mdomo. Kilichobaki ni wazee wa kwao waje, wale, wapewe siku.

"Siku gani?" nilimuuliza.

"Ya ndoa, Mama Zuhura. Au ulidhani ya mnada?"

Zuhura alikuwa amekaa papo hapo, anapepeta karanga. Alimaliza shule mwaka jana na anasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Hakuinua kichwa.

Shaka yangu ilianzia kwenye sukari.

Mshenga alitangulia kuileta Ijumaa, imefungwa vizuri ndani ya kanga mpya. Si ya kuonja. Ni sukari ya nyumba nzima kwa mwezi mzima. Hapa Isevya tunapanga foleni dukani tangu giza, na mwenye bahati anarudi na ya kujaza kopo. Marehemu bibi yangu alizaliwa jirani na njia ya zamani ya misafara, binti wa mpagazi, na alikuwa na kauli moja juu ya wageni: tazama mzigo kabla hujatazama uso. Niliutazama mzigo. Nikajiuliza karani wa ghala anapanga foleni ya wapi.

Sina ushahidi. Huenda aliipata kwa haki. Naandika tu kwamba nilijiuliza, na kwamba mume wangu hakujiuliza. Yeye alionja kwa kidole.

Asubuhi Baba Zuhura alimchinja jogoo, akaniachia mengine. Nilimnyonyoa, nikambabua vinyoya vidogo juu ya moto, nikampasua. Firigisi niliitoa kwa mkono wangu. Niliichana, nikamwaga mchanga na vijiwe, nikabandua ile ngozi ya njano ya ndani, nikaisugua kwa chumvi. Naeleza kwa urefu kwa sababu baadaye liliulizwa swali kama jogoo huyu alikuwa na firigisi. Alikuwa nayo. Kubwa, ya jogoo aliyelelewa na mashamba ya watu.

Kwetu firigisi ni ya mgeni mkubwa, na mgeni huyo ni mwanamume. Asipoiona bakulini, anaelewa jambo moja: yupo mwingine aliyekaribishwa kabla yake, naye ameletewa masalia. Mwanamke haitii mdomoni. Wifi yangu Kuluthumu, aliyekuja mapema kulinda heshima ya kaka yake, aliiona mkononi mwangu akamgeukia Zuhura.

"Wewe uile kwa macho tu. Msichana akila firigisi ya wageni, hapati wa kumwoa. Nani anataka mke anayejikaribisha mwenyewe?"

"Shangazi, kweli hujawahi hata kuionja?"

"Mchuzi wake nimeonja. Ndiyo maana nimeolewa mara mbili tu."

Tulicheka wote watatu. Hata Zuhura.

Mchuzi wenyewe niliupika kwenye sufuria moja, kwa sababu jiko ni moja na kuni kavu ni haba. Mafuta ya kupikia hayajaonekana dukani muda mrefu, kwa hiyo nilimchemsha jogoo kwa maji, chumvi na kitunguu, firigisi ikiwamo tangu mwanzo maana ni ngumu kuliko paja. Alipoanza kulainika nikatia nyanya zilizopondwa na bizari, kisha mihogo vipande vinene. Mwisho karanga alizotwanga Zuhura, nilizozikoroga kwanza na supu kwenye bakuli ili zisifanye madonge. Karanga zinatoa mafuta yake zenyewe. Ukiacha zitokote polepole, mchuzi unakuwa mzito, unashika mhogo, na juu yake yanaelea macho ya mafuta mekundu. Ni chakula cha kumshibisha mtu aliyetoka safari.

Nilifunika. Nikaenda kuoga na kubadili nguo. Nikamwacha Zuhura aangalie moto.

Walikuja baada ya sala ya adhuhuri, wawili: yule mshenga, mtu wa maneno machache, na Mzee Maganga, baba mkubwa wa Hamisi. Muoaji mwenyewe hakuja. Si desturi aje, najua, lakini hilo nalo nililiweka kando pamoja na sukari. Mzee Maganga ni mrefu, safi, mwenye adabu. Aliulizia mvua, akaulizia mpunga, akaulizia malori ya Nzega, na kila alipomaliza swali moja alirudi kwenye lile lile: mwezi huu au ujao?

Haraka ya nini? Niliwahi kuona mtu akitaka kuuza nyumba kwa haraka ya namna hiyo. Paa lilikuwa linavuja.

Niliingia uani kupakua. Kuluthumu alishika bakuli la mgeni, mimi nikashika upawa. Mapaja yalitoka. Kidari kikatoka. Maini, shingo, mbawa. Mhogo, mhogo, mhogo. Nilikoroga hadi chini. Nikakoroga tena.

Firigisi haikuwamo.

"Wifi, usinitanie," alinong'ona Kuluthumu. "Iko wapi?"

"Nikuulize wewe. Ulikuwa hapa."

"Mimi? Kwa meno haya?" Alifungua kinywa nikayaona yaliyobaki. Nikamwondoa kwenye orodha.

Nikamfikiria jirani yetu Mama Joseph. Aliingia kuomba kaa la moto, akasema "Mwangaluka, mayu," salamu yake ya Kinyamwezi kama kawaida, akafunua sufuria bila kuulizwa, akavuta pumzi ndefu na kusema leo Isevya nzima italala macho. Nilisikia kutoka bafuni. Lakini Mama Joseph ana kelele hata anapotembea. Mwizi wa aina hiyo angetangaza.

Nikamfikiria mume wangu. Nilimwita mlangoni.

"Nilipita kuonja chumvi," alikiri. "Kijiko kimoja. Mchuzi mtupu, wallahi."

"Kwa nini umeapa kabla sijakushtaki?"

"Kwa sababu nakujua!"

Kuluthumu akamtaja paka. Nilimkatalia. Sufuria niliikuta imefunikwa sawasawa, na paka hafuniki sufuria akimaliza.

Hakukuwa na muda. Niliweka paja kubwa juu ya bakuli, nikapanga maini pembeni yake, nikapeleka. Nimewahi kukaa mbele ya watu wakubwa nikijua wananidanganya nao wakijua ninajua, na uso wangu haukubadilika. Leo pia haukubadilika.

Mzee Maganga alinawa, akasema bismillahi, akatafuta. Alitafuta taratibu, kwa vidole vitatu, kama mtu anayepekua mfuko wake mwenyewe. Kisha akaacha.

"Mama Zuhura," alisema kwa upole, "jogoo wenu huyu alikuwa anasagia wapi chakula chake?"

Mshenga alitazama mkeka. Mume wangu alicheka peke yake.

"Alikuwa nayo, mzee," nilisema. "Niliisafisha mimi."

"Basi tuseme ukweli, sisi ni watu wazima. Yupo mgeni aliyetutangulia? Kama binti ana mtu, tusimalize mihogo yenu bure."

Niliona hapo kwamba nilikuwa nimemshuku tangu asubuhi, na sasa yeye ndiye aliyekuwa ananishuku, tena kwa haki zaidi yangu. Baba Zuhura alianza kuapa kwa mara ya pili leo. Hakuna mgeni, hakuna mtu, binti ametulia, binti hana neno.

Zuhura aliingia na birika na beseni, ingawa hakuna aliyekuwa amemaliza kula. Alipiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatunawisha mapema?"

"Hakuna mgeni mwingine. Firigisi nimeila mimi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema maji yamechemka. Nilimsikia Kuluthumu nyuma ya pazia akivuta pumzi. Mume wangu alisema jina la binti yake mara moja tu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Zuhura alipoanguka kisimani akiwa mdogo.

"Uliila kwa njaa?" aliuliza Mzee Maganga.

"Hapana, baba. Chai nilikunywa."

"Unajua maana yake?"

"Shangazi alinikumbusha asubuhi."

Nilisubiri hasira. Haikuja. Mzee alinyoosha mikono juu ya beseni, Zuhura akammiminia maji, akanawa polepole hadi viwikoni.

"Imeeleweka," alisema. "Mhogo wenu ni mtamu. Karanga alitwanga nani?"

"Mimi."

"Ndiyo maana." Akainuka. Mlangoni alimwambia mume wangu, bila kugeuka: "Ndugu yangu, mwenye kujua kukataa hivi, bora akatae kabla ya ndoa kuliko baada yake."

Sasa nyumba imegawanyika. Baba Zuhura amekaa barazani, amekataa kula. Kuluthumu alilia kidogo kwa ajili ya kaka yake, kisha akakaa uani akamaliza mihogo, akicheka kila baada ya tonge. "Kwa hiyo ina ladha gani?" amemuuliza Zuhura mara kadhaa. Ana zaidi ya miaka hamsini na anataka kujua.

Nami nimekuwa nikipitia shaka zangu moja moja, kama ninavyopitia habari kabla ya kuituma. Nilimshuku mshenga kwa ukimya wake. Nilimshuku Hamisi kwa sukari yake na kwa kutokuja kwake. Nilimshuku mzee kwa haraka yake. Wifi, jirani, mume wangu, hata paka nilimfikiria. Niliwashuku wote waliopita jikoni, isipokuwa aliyekaa jikoni tangu asubuhi. Kila aliyefunua sufuria nilimtafutia sababu, naye, mwenye sababu kuliko wote, nilimkabidhi moto.

Kabla ya magharibi nilimfuata mahali anapoanika vyombo. Nilikuwa nimeandaa maswali mengi, yaliyopangwa vizuri. Nikauliza moja.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Aliendelea kusuuza bakuli la mgeni.

"Hakuna aliyeniuliza, mama. Nikaona nijibu hivyo hivyo."

Nimewauliza watu wa barabara ya Nzega kama wanataka kuhama au wanahamishwa. Niliwauliza mmoja mmoja, nikasubiri majibu. Jana, papo hapo mbele ya karanga, niliuliza siku ya ndoa, si zaidi.

"Ilikuwa imeiva?" nilimuuliza.

"Ilikuwa ngumu kidogo. Ingefaa itokote zaidi." Akafikiri. "Lakini nilimeza."

Nimeingia barazani nikamwambia Baba Zuhura kwamba tutasubiri barua ya chuo. Alisogea akaniachia nafasi kwenye benchi. Nimeichukua kuwa ndiyo mpaka atakapokanusha.

Sukari nimeifunga tena ndani ya kanga yake, fundo lile lile. Kaka yake Mama Joseph anapanda treni ya Kaliua kesho, ataifikisha kwa Mzee Maganga mkononi. Chai yetu tutatia asali. Hii ni Tabora, asali haina foleni.